Richard Doll: Tabibu aliyeonyesha faida ya kuacha sigara hata uzeeni

NI jambo la kawaida kumsikia mzee aliyevuta sigara kwa miaka 30 au 40 akisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na kuwa kuacha sasa hakutamfaidi lolote. Jibu la dai hilo lilipatikana kupitia kazi ya tabibu mmoja Mwingereza, ambaye kwa zaidi ya nusu karne alihesabu vifo vya madaktari wenzake, kisha akawalinganisha waliovuta, wasiovuta na walioacha.

Tabibu huyo ni Sir Richard Doll. Mwenyewe alikuwa mvutaji.

Doll alizaliwa Oktoba 28, 1912, katika mji wa Hampton ulio karibu na London, akiwa mwana wa daktari. Babake alitamani mwanawe afuate nyayo zake, lakini kijana alivutiwa na hisabati na akania kuisomea katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Alikuja kusimulia baadaye jinsi alivyokunywa pombe kali ya chuo usiku wa kuamkia mtihani wa mwisho, na asubuhi yake akauvuruga vibaya. Akapewa msaada wa masomo uliokuwa mdogo kuliko alioutarajia. Kwa hamaki akaukataa, akamridhia babake na kujiunga na shule ya udaktari ya hospitali ya St Thomas's, jijini London. Wakati huo hakuna aliyeweza kubashiri kwamba hesabu zilizomponyoka Cambridge ndizo zingemletea sifa kwenye utabibu.

Alihitimu mwaka wa 1937. Uingereza ilikuwa bado inauguza majeraha ya mdororo wa uchumi, na Doll, kama vijana wengi wasomi wa enzi hiyo walioona umaskini kwa macho yao, alijiunga na chama cha Kikomunisti. Chama hicho alikihama miaka mingi baadaye, lakini imani yake kwamba afya ni haki ya kila mwananchi hakuiacha.

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipozuka, alihudumu katika kikosi cha matibabu cha jeshi. Mwaka wa 1940 alikuwa miongoni mwa wanajeshi waliorudi nyuma hadi Dunkirk, Ufaransa, na baadaye akafanya kazi kwenye meli ya hospitali katika Bahari ya Mediterania. Utumishi wake jeshini ulikatizwa na kifua kikuu kilichomshika figo.

Amani iliporejea, Doll hakutamani kufungua kliniki ya kutibu matajiri. Alianza kuchunguza vidonda vya tumbo, na katika shughuli hiyo akakutana na mtu aliyebadilisha mkondo wa maisha yake, Profesa Austin Bradford Hill. Hill hakuwa daktari. Alikuwa bingwa wa takwimu ambaye ndoto yake ya kusomea udaktari ilizimwa na kifua kikuu alichokipata akiwa rubani katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Basi walikutana watu wawili walionusurika maradhi yale yale: mmoja alitaka hesabu akapata udaktari, mwingine alitaka udaktari akapata hesabu.

Mwaka wa 1948, Baraza la Utafiti wa Matibabu la Uingereza liliwatwika wawili hao fumbo. Katika England na Wales, vifo vilivyotokana na saratani ya mapafu vilikuwa vimepanda kutoka 612 mnamo 1922 hadi 9,287 mwaka wa 1947. Ni kitu gani kilichokuwa kikiwaua watu?

Msomaji wa leo atadhani jibu lilikuwa wazi. La hasha. Takribani wanaume wanane kati ya kila 10 nchini Uingereza walitumia tumbaku wakati huo, wakiwemo madaktari, na kitu kinachofanywa na karibu kila mtu ni vigumu kukishuku. Doll mwenyewe alidhani mkosaji angekuwa moshi wa magari, au lami iliyokuwa ikimwagwa kila barabara.

Waliwatuma wahoji katika hospitali 20 za London kuwauliza wagonjwa wa saratani ya mapafu kuhusu maisha yao, na maswali hayo hayo yakaulizwa wagonjwa wa maradhi mengine. Kidokezo kilichomshtua Doll kilitokea mahali asipokitarajia. Baadhi ya wagonjwa walikuwa wamehojiwa kama watu wenye saratani ya mapafu, kisha madaktari wakagundua baadaye kwamba hawakuwa nayo. Doll alipochambua majibu yao, aliona kuwa uvutaji wao ulifanana na wa wale wagonjwa wa maradhi mengine. Waliothibitishwa kuwa na saratani walikuwa karibu wote wavutaji.

Kati ya wanaume 649 wenye saratani hiyo, ni wawili tu ambao hawakuwahi kuvuta. Katika idadi sawa ya wanaume waliougua maradhi mengine, wasiovuta walikuwa 27. Hata kabla ya utafiti kukamilika, mwaka wa 1949, Doll aliziacha sigara zake. Alikuwa akikaribia umri wa miaka 37.

Matokeo yalichapishwa Septemba 1950 katika British Medical Journal, miezi michache baada ya watafiti wa Marekani, Ernst Wynder na Evarts Graham, kutoa ripoti iliyofikia hitimisho kama hilo. Mtu angetarajia kishindo. Hapakuwa na kishindo. Wataalamu wengi walipuuza, kampuni za tumbaku zikakanusha, na serikali, iliyokuwa ikivuna kodi nono kutokana na sigara, ikajikokota. Waziri wa afya Iain Macleod alipokutana na wanahabari Februari 1954 kutangaza kwamba uhusiano baina ya sigara na saratani ulielekea kuwa wa kweli, alikuwa akivuta sigara moja baada ya nyingine.

Doll na Hill walitambua kwamba kuwauliza wagonjwa mambo ya kale hakutoshi, kwa kuwa mgonjwa huweza kukumbuka vibaya. Ilifaa kuanza na watu wazima wa afya, kuandika mazoea yao, kisha kusubiri. Kwa hiyo mwishoni mwa Oktoba 1951 waliwaandikia barua madaktari wote wa Uingereza wakiambatisha hojaji fupi. Zaidi ya 40,000 walijibu. Madaktari walifaa kwa sababu majina yao yalikuwa kwenye sajili rasmi, na hivyo kila aliyefariki angejulikana, pamoja na kilichomuua.

Hawakungoja sana. Kufikia ripoti ya kwanza ya mwaka wa 1954, madaktari wanaume 36 wenye umri wa miaka 35 na zaidi walikuwa wamefariki kutokana na saratani ya mapafu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mtu asiyevuta. Miaka miwili baadaye ilidhihirika pia kuwa sigara ilihusiana na vifo vya ugonjwa wa moyo.

Mpinzani mkubwa wa hitimisho hilo hakuwa mtu wa kubezwa. Ronald Fisher, mmoja wa waasisi wa elimu ya takwimu na mpenzi wa kiko, alidai kwamba huenda kuna watu wanaozaliwa na maumbile yanayowavuta kwenye sigara na pia kuwatia saratani, sigara yenyewe ikiwa haina hatia. Fisher alikuwa mshauri wa kamati ya watengenezaji wa tumbaku, ingawa si haki kudai kwamba ni pesa zilizomfanya aseme aliyoyasema. Hoja yake ilikuwa na uzito na ilistahili kujibiwa.

Walioijibu ni wale walioacha. Mtu hawezi kubadilisha maumbile aliyozaliwa nayo, ila sigara anaweza kuiacha. Kama Fisher alikuwa sahihi, aliyeacha angeendelea kufa sawa na anayevuta. Madaktari wengi waliojaza hojaji ile walikuwa wameacha uvutaji, wengine kwa sababu ya matokeo ya Doll na Hill, na vifo vyao vya saratani ya mapafu vikapungua huku vya umma kwa jumla vikizidi kupanda. Ripoti ya mwaka wa 1964, iliyojumuisha miaka 10 ya ufuatiliaji, ililionyesha hilo bayana.

Hapo pana jambo ambalo watu hulielewa visivyo. Wapo walioacha na kufariki muda mfupi baadaye, na majirani husema kuacha ndiko kulikowaua. Ukweli ni kwamba wengi huacha kwa kuwa tayari ni wagonjwa. Ndiyo maana Doll alihitaji miaka mingi, ili hesabu za wagonjwa hao zisifiche faida waliyoipata wengine.

Mwaka wa 1969 aliteuliwa profesa wa udaktari wa Oxford katika kiti cha kifalme, na miaka miwili baadaye akatunukiwa cheo cha Sir. Alifanikisha kuanzishwa kwa Green College chuoni humo mwaka wa 1979. Akiwa na mwanatakwimu kijana Richard Peto, alionyesha kwamba idadi ya miaka ambayo mtu amevuta huongeza hatari ya saratani kuliko idadi ya sigara anazovuta kwa siku. Anayeacha hafuti hatari aliyokwisha kujitwika, bali huizuia kupanda kwa kasi iliyokuwa ikimngoja. Mzigo wa maradhi ya moyo nao huanza kupungua upesi zaidi.

Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2000, Peto, Doll na wenzao walikadiria kwamba mwanaume anayeendelea kuvuta ana hatari ya asilimia 16 ya kufa kwa saratani ya mapafu kabla ya umri wa miaka 75. Akiacha akiwa na miaka 60, hatari hiyo hushuka hadi asilimia 10; akiacha akiwa na miaka 50 huwa asilimia sita, akiwa na 40 huwa tatu, na akiwa na 30 huwa mbili.

Ripoti ya miaka 50 ilitoka Juni 26, 2004, nusu karne kamili tangu ile ya kwanza ya madaktari. Doll alikuwa na umri wa miaka 91. Kati ya madaktari wanaume 34,439 waliofuatiliwa, zaidi ya 25,000 walikuwa wamekwisha kufariki. Wavutaji walikuwa wamefariki takriban miaka 10 mapema kuliko wasiovuta. Aliyeacha akiwa na miaka 60 alijiongezea takriban miaka mitatu ya kuishi, mwenye 50 akapata sita, mwenye 40 tisa, naye aliyeacha akiwa na miaka 30 aliepuka karibu hasara yote. Kwa sadfa, siku moja kabla ya ripoti hiyo, Kenya ilikuwa imeidhinisha mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, uliofuatwa na sheria ya bunge mwaka wa 2007.

Sifa zake hazikukosa doa. Mwaka wa 2006, baada ya kifo chake, ilifichuliwa kwamba kwa miaka mingi alikuwa akilipwa na kampuni ya kemikali ya Monsanto kwa ushauri, bila ya jambo hilo kufahamika hadharani. Wenzake walimtetea wakisema malipo hayo aliyaelekeza kwa Green College. Hata hivyo, waliotilia shaka maoni yake kuhusu kemikali za viwandani walipata sababu ya kuyapitia upya. Hesabu za sigara hazikuguswa na mzozo huo, kwani zilikuwa zimerudiwa na watafiti wa mataifa mengi ambao hawakumdai wala kudaiwa naye.

Doll aliendelea kwenda ofisini akiwa na zaidi ya miaka 90. Alifariki Oxford Julai 24, 2005, akiwa na umri wa miaka 92, miaka 56 tangu alipozima sigara yake ya mwisho.