Frank Gorshin: Staa wa Batman aliyeishi kwa kuiga sauti za wengine

Ukikumbuka tamthilia ya zamani ya Batman, yule adui aliyevaa kijani mwenye kicheko cha kichaa, Riddler, alikuwa Frank Gorshin.

Alizaliwa Pittsburgh, Marekani, mwaka 1933. Akiwa kijana alifanya kazi kwenye jumba la sinema, akawa anaiga sauti za mastaa. Akashinda shindano, zawadi ilikuwa kutumbuiza wiki nzima kwenye klabu ya usiku. Siku mbili kabla, ndugu yake akagongwa na gari, akafa. Wazazi wakamsihi aende tu. Akapanda jukwaani na msiba moyoni, kuchekesha watu.

Februari 9, 1964 akapata nafasi kwa Ed Sullivan. Kumbe ndiyo usiku The Beatles walipotua kwenye kipindi hicho, watu wakaona wao tu.

Batman ilipoanza 1966, jina likapaa. Klabu za Las Vegas zikamfungulia milango, akaendelea kuiga mastaa jukwaani kwa miaka mingi.

Alifariki Mei 17, 2005, akiwa na miaka 72. Siku mbili baadaye akaonekana kwenye CSI. Safari hii hakuiga mtu: aliigiza kama Frank Gorshin.