Pierre Bézier: Mhandisi aliyeugeuza ufito wa fundi kuwa namba

Anayeagiza chombo Kudhaa, au kisiwa kingine cha Wabajuni kusini mwa Kismayo, hategemei kupewa mchoro. Hupatana na fundi juu ya urefu, upana na bei, basi. Mkuku hulazwa, fashini husimamishwa, na umbo lililobaki limo kichwani na machoni mwa fundi. Ndivyo wazee wa pwani hiyo walivyoshona mitepe kwa kamba za makumbi, bila msumari hata mmoja, na vyombo vile vikabeba mizigo miaka na miaka. Ila ukimwagiza fundi huyo huyo vyombo viwili, utapata ndugu, hutapata pacha. Ubao uliokatwa kwa kimoja hauingii kwenye kingine.

Sasa itazame taa ya gari iliyonunuliwa Dubai ikateremshwa Mombasa. Inaingia mahali pake kwenye gari lililoko Garissa au Kismayo bila kupigwa tupa, na taa yenyewe imejaa mipindo kuliko ubavu wa jahazi. Mmoja wa watu waliowezesha jambo hilo ni Mfaransa aliyefariki zaidi ya miaka 25 iliyopita. Jina lake limo katika karibu kila programu ya kuchorea iliyopo duniani.

Pierre Bézier alizaliwa Paris tarehe 1 Septemba 1910, mtoto na mjukuu wa wahandisi. Alisoma uhandisi wa mitambo, akamaliza mwaka 1930, kisha akaongeza umeme mwaka uliofuata. Mwaka 1933 aliingia kampuni ya magari ya Renault na akakaa humo miaka 42. Hakuanzia ofisini. Alianza kwa kutega vifaa kwenye mashine, akawa mbunifu wa vifaa, na mwaka 1945 akawa mkuu wa kitengo hicho. Katikati hapo ilipita vita, naye alikuwa mateka wa Wajerumani. Baada ya vita alisimamia mitambo iliyotengeneza sehemu nyingi za Renault 4CV, gari dogo lililouzwa zaidi ya milioni moja. Waliokua Kenya wanaijua zaidi mdogo wake, Renault 4, ile iliyoitwa Roho.

Tatizo alilokutana nalo ni lile lile la vyombo viwili vya fundi mmoja. Msanifu wa gari alichora mistari. Wachoraji waliikuza. Mafundi wakachonga kielelezo cha udongo, halafu cha plasta au mbao, na kutoka hapo zikapimwa kalibu za kukandamizia bati. Kila mkono uliopokea umbo ulilibadilisha kidogo, milimita hapa, nusu milimita pale. Mlango ukikataa kufunga, mchoraji alimlaumu mchongaji, naye mchongaji akamlaumu mtengeneza kalibu. Mwamuzi alikuwa kile kielelezo, ambacho nacho hupinda kwa joto na unyevu. Katika kiwanda kinachotoa maelfu ya magari, ugomvi wa milimita moja ni hasara ya fedha nyingi.

Wachoraji hao, kama wajenzi wa meli wa Ulaya kabla yao, walikuwa na ufito mwembamba wa mbao. Waliulaza juu ya karatasi, wakaushikilia kwa vipande vizito vya risasi ambavyo Waingereza waliviita mabata, kisha wakafuatisha kalamu. Ufito una akili yake: hukataa kukunjika kwa ghafla, kwa hiyo mstari wake hutoka laini. Waingereza waliuita ufito huo splaini, na mwaka 1946 mwanahisabati Isaac Schoenberg akaliazima jina hilo kwa mistari ya kihesabu yenye tabia hiyo.

Bézier alikuwa na umri wa miaka 50 alipoanza, mwaka 1960, kutafuta njia ya kulieleza umbo la gari kwa namba tupu, ili mashine ya kuchonga izisome namba zile zile alizoziona msanifu. Sharti alilojiwekea ndilo ninalolistahi zaidi: mtu asiyejua hesabu aweze kuitumia.

Njia yake, kwa sura inayofundishwa leo, ni hii. Weka nukta nne. Mpindo unaanzia nukta ya kwanza na kuishia ya nne. Zile mbili za katikati haupiti juu yake. Zinauvuta tu, kama upepo unavyovuta tanga. Ukiunganisha nukta ya kwanza na ya pili kwa mstari, umepata mkono, na mkono huo ndio unaoamua mpindo utoke ukielekea wapi. Urefushe mkono, mpindo utashikilia mwelekeo huo kwa muda mrefu zaidi kabla ya kugeuka. Ufupishe, utageuka mapema. Huna haja ya kuiona hesabu iliyo chini yake. Baadaye ilionekana kuwa ni ile iliyoandikwa na Sergei Bernstein mwaka 1912, kwa kazi isiyohusu magari.

Anayejifunza programu hizi leo, awe anachora nembo ya duka au boti ya faiba, hukosea palepale: huweka nukta nyingi mno. Anadhani nyingi ndiyo usahihi, kumbe mstari unatoka na mawimbi kama bati lililopigwa nyundo. Nukta chache, mikono mirefu, ndivyo mafundi wa kazi hii wanavyofanya. Unapounga mipindo miwili, nukta ya kuungia na mikono yake miwili lazima vikae kwenye mstari mmoja ulionyooka, la sivyo patakuwa na kona. Hata hapo hujamaliza. Kiasi cha kupinda kwa upande huu na ule kikiwa tofauti, mwanga wa taa utavunjika juu ya boneti, na mnunuzi ataona kasoro hata asipojua kuitaja.

Mpindo wa Bézier una udhaifu wake: ukisogeza nukta moja, mstari mzima unasogea kidogo. Kwa hiyo umbo refu huungwa kwa vipande, au hutumiwa aina nyingine ya splaini ambayo ukiigusa nukta moja, ni sehemu ya jirani tu inayobadilika. Fundi wa ufito na mabata angeielewa tofauti hiyo mara moja.

Kazini hakupokelewa kwa vigelegele. Inasimuliwa kuwa mkubwa mmoja alimjibu kwamba kama mfumo wake ungekuwa mzuri hivyo, Wamarekani wangekuwa wameshaubuni. Hata hivyo mfumo aliouita UNISURF ulianza kutumika kikamilifu Renault mwaka 1968. Mwaka huo huo akaanza kufundisha chuoni Paris. Alistaafu mwaka 1975, na mwaka 1977, akiwa na umri wa miaka 66, akachukua shahada ya udaktari wa hisabati.

Lakini hakuwa wa kwanza. Kwa washindani wao Citroën, kijana Paul de Casteljau alikuwa ameshaifikia mipindo hiyo hiyo kuanzia mwaka 1959. Njia yake mtoto anaweza kuifanya kwa uzi: chukua nukta nne, tafuta katikati ya kila kipande, unapata tatu, tafuta katikati tena, mbili, tena, moja. Hiyo moja iko juu ya mpindo. Kampuni yake iliifungia kazi hiyo kabatini kama siri ya biashara. Bézier aliruhusiwa kuandika na kutangaza, na jina likaenda kwake.

Kutoka magarini mipindo hiyo ilihamia kwenye uchapaji. Mwaka 1984 kampuni ya Adobe iliitumia kuelezea maumbo ya herufi, na leo herufi nyingi tunazozisoma zimeundwa kwa nukta na mikono.

Bézier alifariki tarehe 25 Novemba 1999. De Casteljau aliishi hadi mwaka 2022. Kwenye programu, mpindo unaitwa Bézier. Hatua za kuukokotoa zinaitwa de Casteljau.