Alfred Binet, mzee aliyepima akili za watoto ili awasaidie

Vijana wetu hapa Pwani wana mchezo kwenye simu. Wanajibu maswali ishirini au thelathini ya maumbo na namba, kisha wanaambiwa akili zao zina alama ngapi. Mara nyingine jawabu halitoki mpaka utume pesa. Aliyepata 130 huirusha kwenye kundi la WhatsApp akapongezwa. Aliyepata 85 hunyamaza. Mpwa wangu mmoja aliacha kwenda masomo ya ziada ya hesabu kwa sababu ya namba kama hiyo, akisema hakuna haja ya kujichosha.

Kwa hiyo leo, msomaji wangu, nakusimulia maisha ya mtu ambaye kazi yake ndiyo chimbuko la mitihani hiyo. Alikufa kabla neno IQ halijazuliwa, na lau angeona linavyotumika, naamini angesikitika.

Alfred Binet alizaliwa tarehe 8 Julai 1857 katika mji wa Nice, ambao wakati huo ulikuwa haujaingia Ufaransa. Baba yake alikuwa daktari, mama yake mchoraji. Alisomea sheria akamaliza, lakini hakuipenda. Akajifungia maktaba kuu ya Paris akisoma vitabu vya saikolojia peke yake, bila mwalimu. Mimi mwenye diploma yangu tu, jambo hilo lanifurahisha: huyu anayetajwa dunia nzima kwa kupima akili alijifundisha mwenyewe.

Kazi yake ya mwanzo ilimtia aibu. Katika hospitali ya Salpêtrière, chini ya daktari mashuhuri Charcot, alitetea madai kwamba sumaku inaweza kuhamisha ugonjwa wa mtu aliyelazwa usingizi wa kiini macho kutoka upande mmoja wa mwili hadi mwingine. Mtaalamu wa Ubelgiji, Delboeuf, akaonyesha kwamba wagonjwa walifanya tu walichojua wapimaji wanakitarajia. Binet akakubali hadharani kuwa alikosea. Tangu hapo alijua kwamba matarajio ya anayepima huingia ndani ya kipimo.

Baadaye alipima vichwa vya wanafunzi kwa tepe, kama wengi walivyofanya zama zile, akiamini kichwa kikubwa ndicho chenye akili. Alikuta tofauti ndogo mno isiyosaidia kitu, akaiacha njia hiyo. Mafunzo makubwa aliyapata nyumbani kwake, kwa mabinti zake wawili, Madeleine na Alice. Walilelewa na wazazi wale wale, lakini mmoja alikuwa makini na mtulivu, mwenzake mwenye mawazo yanayorukaruka. Sisi tushasema zamani kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Binet aliliona hilo mezani kwake.

Mwaka 1904 wizara ya elimu ya Ufaransa iliunda tume, naye akawamo. Sheria ilikuwa imelazimisha kila mtoto asome, na walimu wakakuta watoto wasioweza kwenda na wenzao. Nani apewe mafunzo maalumu? Binet alichelea kuwa mwalimu atamwondoa mtoto msumbufu kwa kisingizio cha uzito wa akili. Alitaka kipimo cha haki kuliko jicho la mwalimu au dhana ya daktari.

Mwaka 1905, yeye na daktari kijana Théodore Simon wakatoa kazi 30, kutoka nyepesi hadi ngumu: kufuata kwa macho mwanga wa kiberiti, kutaja vitu kwenye picha, kurudia namba ulizosomewa, kueleza maana ya maneno. Mwaka 1908 wakazipanga kwa umri, wakaona mtoto wa miaka minane anafanya kazi za mtoto wa miaka mangapi. Aliyebaki nyuma sana alihitaji msaada. Binet alionya kwamba akili haipimiki kama urefu wa kitambaa, na kwamba kipimo hakisemi mtoto atakuwa nani kesho.

Wala hakuishia kupima. Alipigania madarasa madogo ya watoto hao, na mazoezi ya kuwafunza kutulia na kukumbuka. Mojawapo ulikuwa mchezo wa kuganda kama sanamu mpaka mwalimu atoe ishara. Katika kitabu chake cha 1909 aliwapinga wazi wale waliosema akili haiongezeki. Tarehe 18 Oktoba 1911 alifariki mjini Paris, akiwa na miaka 54.

Mwaka uliofuata, Mjerumani William Stern alipendekeza umri wa akili ugawanywe kwa umri wa kuzaliwa, ndipo IQ ikapatikana. Huko Marekani, Henry Goddard na Lewis Terman waliigeuza kazi ya Binet wakaifanya kipimo cha kitu cha kurithi kisichobadilika. Wahamiaji walipimwa wakitoka melini, wanajeshi kiasi cha milioni 1.7 wakapimwa wakati wa Vita vya Kwanza, na katika majimbo kadhaa watu walioitwa wapungufu wa akili walifungwa uzazi kwa nguvu. Hata hapa Kenya, miaka ya 1930, daktari mkoloni H. L. Gordon alishika vichwa na bongo za Waafrika akidai wana upungufu wa kuzaliwa. Njia ambayo Binet alishaitupa ndiyo iliyotumika kutudharau.

Sasa turudi kwenye simu. Kipimo cha kweli hufanywa na mtaalamu aliyesomea, ana kwa ana, na alama hulinganishwa na za watu wengi wa umri mmoja, wastani ukiwa 100. Theluthi mbili hivi ya watu huwa kati ya 85 na 115. Hata hicho hupima baadhi tu ya uwezo, na huathiriwa na shule, lugha na mazoea. Mchezo wa simu mara nyingi hupima wepesi wako wa kukisia maumbo kwa Kiingereza, usiku, chaji ikikaribia kwisha. Kijana wa Lamu anayejua kwa hesabu lini bamvua na lini maji mafu, na wapi samaki watakuwepo, hataulizwa hata swali moja la hayo.

Mzazi, mwanao akichelewa kusoma, usimpe namba kutoka kwenye simu. Mpeleke kwanza akapimwe macho na masikio, kisha kwenye kituo cha tathmini cha Wizara ya Elimu, ujue asaidiwe vipi. Na wewe mwalimu, wa skuli au wa madrasa, chunga ulimi. Mtoto akiitwa mzito mbele ya wenzake, huanza kuishi kama mzito. Akili ni neema ya Mwenyezi Mungu, nasi tumeamrishwa tuitumie, si tukae tunaihesabu.

Mpwa wangu nimemsomea habari hizi. Jumamosi amerudi kwenye hesabu zake.