Jaji Georges: Mgeni Aliyeshika Kiti Chetu

Wananchi wa Tunduma, Vwawa na Mkoa mzima wa Songwe wanajua maana ya kungoja. Dereva hungoja mpakani, na mwenye shauri hungoja hakimu. Kiti cha hakimu kikikaa kitupu, anayeumia kwanza ni mnyonge, maana mwenye mali anaweza kungoja. Kwa hiyo yafaa tumkumbuke Philip Telford Georges.

Alizaliwa mwaka 1923 katika kisiwa cha Dominica, akawa wakili Trinidad, na mwaka 1962 akafanywa jaji huko. Wakati huo Tanganyika ilikuwa imekwisha kujitawala, lakini wanasheria wake wazalendo walihesabika kwa vidole. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1961 tu, na wanafunzi 14.

Mwaka 1965 Mwalimu Nyerere alimteua Georges kuwa Jaji Mkuu badala ya Sir Ralph Windham. Mwaka huohuo nchi ikawa ya chama kimoja kwa sheria, na Novemba walowezi wa Rhodesia wakanyakua madaraka. Mizigo ya Zambia ikamiminika katika barabara ya Tunduma, na kwa madereva na vibarua haki ikawa jambo la kila siku.

Ingekuwa rahisi kwa mgeni kutazama upepo unakovuma. Georges hakufanya hivyo. Aliwafundisha mahakimu wasijitenge na umma, bali wayaelewe makusudi ya Taifa. Lakini kesi ikifika mbele yao, waamue kwa sheria na ushahidi, si kwa agizo la mkubwa yeyote. Mwaka 1971 alimwachia kiti Augustine Saidi, Mtanzania wa kwanza kukikalia. Baadaye Georges akawa Jaji Mkuu wa Zimbabwe, nchi ileile iliyokuwa Rhodesia, kisha wa Bahamas. Alifariki mwaka 2005.

Kwingine viti hivi huzua vita bungeni. Huko Marekani mwaka 1795, John Rutledge aliteuliwa Jaji Mkuu wakati Seneti iko likizoni. Iliporudi ikamkataa kwa kura 14 dhidi ya 10. Kwetu Bunge halipigi kura juu ya majaji. Rais ndiye huwateua. Katiba inaruhusu pia Kaimu Jaji Mkuu, na mwaka 2017 tulikuwa naye tangu Januari hadi Septemba.

Kukaimu si kosa. Kosa ni kuuacha ukaimu uwe desturi, maana asiyejua kesho yake huweza kuiogopa hukumu yake mwenyewe. Georges hakuogopa, lakini Taifa halijengwi kwa kutegemea ushujaa wa mtu mmoja. Basi wanachama na wafanyakazi tusinyamaze mbele ya kiti kitupu, na watoto wetu tuwasomeshe sheria, ili siku nyingine tusikose mwenyewe wa kukikalia.