Johann Ludwig Krapf na Miisho ya Maneno

Jina la Johann Ludwig Krapf hutajwa mara nyingi katika historia ya umisionari na ya upelelezi, hasa kwa sababu mnamo Desemba 1849 aliuona Mlima Kenya akiwa Ukambani. Katika taaluma ya Kiswahili, hata hivyo, mchango wake mkubwa ni wa aina nyingine: yeye ni miongoni mwa wa kwanza kuandika sarufi ya lugha hii, na aliiandika akiwa ameiweka kando ya lugha za majirani zake.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na Tübingen, Ujerumani. Kabla ya kufika pwani yetu alikuwa Uhabeshi, ambako alijifunza Kiamhari na Kigeezi. Katika lugha za jamii hiyo nomino huwa karibu sana na mzizi wa kitenzi, na yamkini ndiko alikopata tabia ya kukitafuta kitenzi nyuma ya kila jina. Aliwasili Mombasa mwaka 1844 chini ya chama cha CMS. Mwezi Juni mwaka huohuo alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa kadhi Ali bin Muhiddin. Mwezi Julai homa ilimuua mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga, na Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani. Aliyemzika mkewe katika hali hiyo hakuiacha kalamu.

Mwaka 1846 alijiunga na Johannes Rebmann, wakafungua kituo Rabai. Hapo alizungukwa na wasemaji wa lugha aliyoiita Kinika, jina la wageni ambalo wenyewe hawalipendi. Leo tunasema lugha za Mijikenda. Mnamo Julai 1848 alisafiri kwa miguu kwenda kwa mfalme Kimweri wa Usambara, akipita Shimba na nchi ya Wadigo, yaani Kwale ya leo. Miaka miwili baadaye, mwaka 1850, sarufi yake ilichapishwa Tübingen. Jina lake lenyewe lilitangaza kwamba Kiswahili kingeelezwa kwa kurejelea Kinika.

Uamuzi huo una uzito kwa kila anayechunguza uundaji wa nomino kutokana na vitenzi. Tuchukue kiambishi tamati -i. Pika huzaa mpishi, fuata huzaa mfuasi, linda huzaa mlinzi, gomba huzaa mgomvi. Irabu hiyo haikai tu mwishoni, bali huigeuza konsonanti iliyoitangulia. Lakini zaa hutoa mzazi na lea hutoa mlezi, ilhali katika vitenzi hivyo hakuna konsonanti ya kugeuzwa. Hiyo /z/ imetoka wapi? Kiswahili chenyewe hudokeza jibu katika zaliwa na lelewa. Jibu kamili linasikika kwa majirani. Kutoka Diani hadi Msambweni, Mdigo husema kuvyala, na wazazi huwaita avyazi. Kitenzi chake kimeihifadhi /l/ ambayo Kiswahili kimeipoteza, na nomino yake ina /z/ ileile ya mzazi.

Haitakuwa haki kudai kwamba Krapf aliitunga kanuni hiyo. Sheria za mabadiliko ya sauti za Kibantu zilisubiri akina Carl Meinhof, ambaye kitabu chake kuhusu fonolojia kilitoka mwaka 1899. Krapf aliweka lugha mbili meza moja, basi. Bila hatua hiyo, mzazi angeonekana kuwa kighairi cha kukaririwa tu. Itakumbukwa pia kwamba nomino ya Kiswahili huundwa pande zote mbili, kiambishi awali cha ngeli na kiishio, kama vile m-chez-o na m-chez-aji. Kiitaliano, ambacho vijana wa ufuo wa Diani hukisikia kwa watalii, hufanya kazi hiyo upande wa kulia pekee: lavorare (kufanya kazi) hutoa lavoratore (mfanyakazi), na pagare (kulipa) hutoa pagamento (malipo).

Afya ilimrudisha Krapf Ulaya mwaka 1853. Mwaka 1854 alipeleka Halle miswada ya tenzi za Kiswahili, ukiwemo Utenzi wa Tambuka. Alirudi pwani kwa muda mfupi mwaka 1862 akiwa na Wamethodisti, kisha akaishi Kornthal akiifanyia kazi kamusi yake. Ndani yake nomino nyingi zimeelekezwa kwenye vitenzi vilivyozizaa. Tahajia yake inachosha, na mpangilio wake humpoteza msomaji. Kwa sababu hiyo H. K. Binns aliihariri upya mwaka 1925. Isitoshe, ilijengwa juu ya Kimvita, na wakati huo sarufi ya Edward Steere ya Kiunguja, iliyotoka mwaka 1870, ilikuwa imekwisha kushika njia. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu.

Krapf alifariki Kornthal tarehe 26 Novemba 1881. Kamusi yake ilitoka London mwaka uliofuata.