Blaise Pascal na Uzito wa Hewa

Mgonjwa akipimwa damu hospitalini huambiwa ni 120 kwa 80. Dereva akijaza tairi upepo hutaja ratili 30. Naye mwanafunzi wa sekondari hurudi nyumbani na daftari lake, akasema hesabu zote hizo sharti zigeuzwe ziwe paskali. Wazazi wengine hudhani hayo ni mambo matatu mbalimbali. Kumbe ni jambo moja, yaani mgandamizo, lililopimwa kwa vipimo vitatu. Na jina hilo la paskali ni jina la mtu, Mkatoliki wa Ufaransa, ambaye twapenda wasomaji wetu wamjue.

Blaise Pascal alizaliwa Clermont tarehe 19 Juni 1623. Mama yake alifariki yeye angali mtoto mdogo, akalelewa na kufundishwa na baba yake, pamoja na dada zake wawili. Baba alipopewa kazi ya kodi huko Rouen, hesabu zilimlemea. Kwa maana fedha za Ufaransa wakati ule zilikuwa za taabu, dinari 12 zikifanya soli moja, na soli 20 livre moja. Kijana Blaise, mwenye umri wa miaka 19, alianza kumwundia baba yake mashine ya kujumlisha kwa magurudumu.

Siku zile Torricelli wa Italia alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba bomba la kioo, lililozibwa upande mmoja na kujazwa zebaki, likipinduliwa ndani ya bakuli la zebaki, halimwagiki lote. Zebaki hushuka kidogo, kisha husimama. Wataalamu wengi walisema kwamba maumbile huchukia mahali patupu. Pascal aliona kuwa ni uzito wa hewa ya nje unaoitegemeza. Kama ndivyo, basi juu ya mlima, ambako hewa iliyo juu yetu ni kidogo zaidi, zebaki haina budi kushuka.

Alimwomba shemeji yake, Florin Périer, alijaribu neno hilo. Tarehe 19 Septemba 1648, Périer aliacha bomba moja katika nyumba ya watawa mjini Clermont, mtawa mmoja akilitazama mchana kutwa, naye akapanda mlima Puy de Dôme na bomba la pili. Chini zebaki ilisimama inchi 26 na mistari 3 na nusu, mistari 12 ikiwa ni inchi moja. Kileleni ilisimama inchi 23 na mistari 2. Bomba la mtawa halikubadilika siku nzima.

Hapa twawaomba vijana washike kalamu. Inchi ile ilikuwa ya Kifaransa, yapata milimita 27. Inchi ya Kiingereza ni milimita 25.4. Kwa kipimo cha haki, zebaki ya chini ilikuwa milimita 712, na ya juu 627, tofauti milimita 85. Kila milimita ya zebaki ni paskali 133 hivi. Basi kileleni mgandamizo wa hewa ulipungua kwa paskali 11,000 na zaidi. Lakini mtu akidhani inchi zile ni za Kiingereza, atasema zebaki ya chini ilikuwa milimita 668. Amekosa kwa milimita 44, zaidi ya nusu ya tofauti yote ya mlimani! Jina ni moja, vipimo ni viwili. Kinyume chake, ile 120 ya mgonjwa ni milimita za zebaki, nayo ni sawa na paskali 16,000. Na ratili 30 kwa inchi ya mraba ni paskali 207,000 hivi. Tarakimu zimebadilika, kitu chenyewe hakikubadilika.

Usiku wa tarehe 23 Novemba 1654 Pascal alijaliwa kumjua Mungu kwa namna iliyougeuza moyo wake. Aliyaandika hayo katika karatasi, akaishona ndani ya vazi lake, ikaonekana baada ya kufa kwake. Hatusemi kwamba hakuwa na kasoro. Katika ugomvi wa Wajansenisti na Wajesuiti kalamu yake ilikuwa kali mno, na barua zake zilikatazwa na Kanisa mwaka 1657. Lakini aliwapenda maskini. Familia maskini aliyoikaribisha nyumbani kwake ilipopatwa na ndui, hakuitoa. Alitoka yeye, akahamia kwa dada yake. Huko alipokea Sakramenti, akafariki tarehe 19 Agosti 1662, mwenye umri wa miaka 39. Mwaka 1971 mkutano wa mataifa juu ya vipimo ulikipa kipimo cha mgandamizo jina lake. Na mwaka 2023 Papa Fransisko alitoa barua ya kumkumbuka, miaka 400 tangu kuzaliwa kwake.

Nasi tujifunze. Mara ngapi mume na mke, au mzee na kijana, kila mmoja hutaja tarakimu yake na kumwita mwenziwe mwongo, wala hawajaulizana wanapima kwa kipimo gani! Hatusemi kwamba kila neno ni sawa. Aliyeisoma inchi vibaya amekosa, naye hana budi kusahihishwa. Twasema tu kwamba hukumu isitangulie swali. Na mzazi ambaye mtoto wake huleta nyumbani elimu ya maumbile asiogope. Aketi naye, amwulize, wahesabu pamoja.