Julius Nyerere: Ualimu Kabla ya Uongozi

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka wa 1922, na hakuingia darasani hadi alipotimu umri wa miaka 12, huko Mwisenge, Musoma. Baadaye alijiunga na Shule ya Serikali ya Tabora, kisha Chuo cha Makerere, alikosomea ualimu kati ya 1943 na 1945. Alipohitimu stashahada, alifundisha miaka mitatu katika Shule ya St. Mary's, Tabora. Tajriba hiyo ilimzidishia kiu ya elimu. Mwaka wa 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, akahitimu shahada 1952. Aliporejea alifundisha Pugu.

Mwaka wa 1954 aliongoza kuasisiwa kwa TANU. Mwaka uliofuata ikambidi achague baina ya darasa na siasa, naye akaiacha kazi aliyojiandalia kwa muda mrefu, pamoja na mshahara wake. Hata hivyo, ualimu haukumwacha. Akiwa rais alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, na mwaka wa 1967 akatoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Alipofariki 1999, alililiwa kwa jina la kazi ile ile aliyoiacha: Mwalimu.